Sipro, azithromaisini, seftriaksoni au dawa za zamani? Kuchagua dawa ya taifodi wakati vimelea vimekuwa sugu

Dada mmoja alifika kwenye dirisha la maabara yetu akiwa na vyeti vitatu mkononi, vyote vya mtoto mmoja wa miaka 9, vyote vya ndani ya siku kumi. Cha kwanza sipro. Cha pili azithromaisini. Cha tatu, cha asubuhi ile ile, sindano za seftriaksoni. Kila alikopita aliambiwa mtoto ana taifodi, na kila alikopita alipewa dawa nyingine bila kuulizwa ile ya mwanzo mtoto ameinywa siku ngapi. "Sasa kaka, nishike ipi?" Hakuwa anabishana. Alikuwa amechoka, na hela ya dawa ya tatu alikuwa ameikopa.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuotesha damu za watu, kusubiri kama kuna kitakachoota, kisha kuangalia dawa gani inakiua. Nikiwa hapo naona jambo ambalo mgonjwa na muuza dawa hawalioni: watu wawili wa mtaa mmoja, wote wana taifodi ya kweli, vimelea vya mmoja vinakufa kwa sipro na vya mwenzake vinaota vizuri tu mbele ya sipro ile ile. Dawa iliyomponya jirani inakueleza habari za kimelea cha jirani. Chako hakijaulizwa bado.

Nitalinganisha makundi manne ya dawa yanayotumika kwetu. Dozi sitaziandika, kwa makusudi. Zinategemea uzito, umri, figo na ujauzito, na dozi za kuokoteza kwenye simu zimechangia sana kutufikisha hapa tulipo.

Kabla ya dawa: una hakika ni taifodi?

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huanzia hapa. Kipimo cha Widal, ambacho asili yake ni mwaka 1896, hakitafuti vimelea, kinatafuta kingamwili. Mtu aliyewahi kuugua taifodi zamani, aliyechanjwa, mwenye Salmonella (jamii ya bakteria inayoleta taifodi) ya aina nyingine, hata mwenye malaria, anaweza kutoka na majibu chanya. Watu wanarudia Widal kila baada ya wiki mbili "kuona kama imeisha", wanakuta bado ipo, wananunua dawa tena. Kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya kimelea kufa, kwa hiyo kipimo hicho hakiwezi kukuambia kama umepona.

Tulishawahi kufanya kosa la namna hii kwa malaria. Utafiti mkubwa wa wagonjwa wa homa waliolazwa hospitalini Moshi, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba asilimia 60.7 walidhaniwa na waganga kuwa na malaria, na waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6. Wengine walikuwa na leptospirosisi, homa ya Q, chikungunya na maambukizi mbalimbali ya bakteria kwenye damu. Homa isiyosikia dawa ya taifodi inaweza kuwa usugu. Inaweza pia kuwa haikuwa taifodi tangu mwanzo.

Kipimo kinachojibu maswali yote mawili kwa pamoja ni kuotesha damu: kama kimelea kipo, na dawa gani inakiua. Kina mapungufu yake. Majibu huchukua siku mbili hadi tano au zaidi, hakipatikani kila kituo, na hata kikifanywa vizuri hunasa takriban wagonjwa 6 kati ya 10 wenye taifodi ya kweli. Damu ikichukuliwa baada ya mgonjwa kumeza antibayotiki, nafasi ya kunasa kitu hupungua zaidi.

Vigezo nitakavyotumia

Kila dawa nitaiangalia kwa mambo manne: hali ya usugu, hasa kwa vimelea vya ukanda wetu, namna inavyotumiwa na homa inashuka baada ya siku ngapi, nani anapaswa kuwa mwangalifu nayo, na inamfaa mgonjwa wa namna gani. Bei nitaigusa pale inapobadilisha uamuzi.

Kuna jambo moja la kushika kabla hatujaanza, maana linarudi kila mahali. Kimelea cha taifodi, Salmonella Typhi, hakielei tu kwenye damu. Hujificha ndani ya chembe nyeupe zile zile ambazo kazi yake ni kukila. Kwa hiyo haitoshi dawa iweze kukiua kwenye sahani ya maabara; lazima iweze kukifuata humo kilimojificha.

1. Dawa za zamani: kloramfenikoli, ampisilini na amoksisilini, kotrimoksazoli (Septrin)

*Usugu.* Kabla ya antibayotiki, taifodi iliua mtu mmoja au wawili kati ya kila wagonjwa kumi, wengine kwa kutoboka utumbo katika wiki ya tatu. Mwaka 1947 wanasayansi walitangaza dawa mpya waliyoipata kwa bakteria wa udongo kutoka Venezuela, kloramfenikoli. Mwaka 1948 madaktari wa Kimarekani waliokuwa Kuala Lumpur wakiijaribu kwa ugonjwa mwingine waliwapa wagonjwa wa taifodi, na homa zilizokuwa zikikaa wiki tatu zikaanza kushuka ndani ya siku chache. Kwa zaidi ya miaka ishirini ikawa ndiyo dawa.

Mwaka 1972 Mexico ilipata mlipuko wa zaidi ya wagonjwa 10,000 ambao vimelea vyao havikuijali kloramfenikoli. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, Asia Kusini ilikuwa na vimelea vilivyozishinda kloramfenikoli, ampisilini na kotrimoksazoli kwa pamoja. Zote tatu zilipotea kwa mkupuo kwa sababu usugu wake hubebwa na plasmidi, kipande cha duara cha vinasaba ambacho bakteria mmoja humpa mwenzake kama mtu anavyompa mwenzake ufunguo. Akipokea plasmidi moja, amepokea kinga dhidi ya dawa zote tatu siku hiyo hiyo.

Ukoo mmoja wa vimelea hivyo, wanaouita H58, ulisafiri kutoka Asia hadi Afrika Mashariki na Kusini. Kenya umeonekana kwa miaka mingi; watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wameufuatilia katika mitaa ya Nairobi kama Kibera na Mukuru na kukuta taifodi nyingi ya huko ni ya usugu huo wa mseto, yaani wa dawa zote tatu kwa pamoja. Hadithi ya Blantyre, Malawi, ndiyo inayonikaa kichwani zaidi. Kati ya 1998 na 2010 hospitali kuu ya pale, Queen Elizabeth, ilikuwa ikiotesha wastani wa wagonjwa 14 wa taifodi kwa mwaka. Mwaka 2014 walikuwa 782. Kabla ya hapo vimelea vyenye usugu wa mseto vilikuwa chini ya asilimia 7. Mwaka huo vilikuwa takriban asilimia 97. Ni miaka michache tu, na dawa tatu za bei nafuu zikawa hazina kazi kwa ugonjwa huu katika jiji zima.

Kuna upande mwingine ambao watu hawausikii. Nepal na India, ambako sipro ilichukua nafasi ya dawa hizi kwa miaka mingi, vimelea vingi vya sasa vimeacha kubeba plasmidi ile, na kloramfenikoli au kotrimoksazoli zinaonekana tena kuviua maabara. Usugu unaweza kupungua dawa ikipumzishwa. Kwetu bado hatuwezi kuanza nazo kwa kubahatisha.

*Matumizi.* Kloramfenikoli humezwa mara nne kwa siku, wiki mbili, na hata mgonjwa mwaminifu huchoka. Ikifanya kazi, homa hushuka kwa siku tano hadi saba. Ugonjwa kurudi baada ya wiki mbili au tatu ulikuwa wa kawaida zaidi kwa dawa hii kuliko kwa zilizofuata.

*Uangalifu.* Kloramfenikoli inaweza, kwa nadra sana, kuua uwezo wa uboho kutengeneza damu, na ni hatari kwa watoto wachanga. Kotrimoksazoli haimfai mwenye mzio wa salfa. Mtu anayeishi na VVU ambaye amekuwa akimeza kotrimoksazoli kila siku kwa kinga, kisha akapata taifodi, hana sababu ya kuitegemea dawa hiyo hiyo imtibu.

*Inamfaa nani.* Aliyeoteshwa damu na karatasi ya majibu ikaandika S, yaani kimelea kinasikia, mbele ya mojawapo ya dawa hizi. Huyu anaweza kutibiwa kwa gharama ndogo na dawa kubwa zikabaki akiba. Shirika la Afya Duniani limeziweka dawa hizi katika kundi la zinazotakiwa kupatikana kwa urahisi, wakati sipro, azithromaisini na seftriaksoni ziko kundi la kuangaliwa kwa makini. Bila karatasi hiyo, singependa mtu wangu aanze nazo.

2. Siprofloksasini, yaani sipro

*Usugu.* Sipro ilikuja miaka ya 1980 na ikawa mkombozi pale dawa za zamani zilipoanguka. Kasese, Uganda, kwenye mlipuko wa 2008 na 2009 uliotoboa matumbo ya watu 249 na kuua 47, vimelea vyote vilivyopimwa vilikuwa bado vinakufa kwa sipro. Naitaja Kasese kwa sababu watu wengi sasa wamefika mahali pa kusema sipro haina maana tena. Ina maana pale ambapo kimelea kinaisikia, na kimelea kikiisikia, hakuna kidonge kinachoishinda taifodi haraka kuliko hiki.

Usugu wake haukuja kwa plasmidi kwanza. Ulikuja kwa badiliko dogo sana kwenye kinasaba kiitwacho gyrA, mahali ambapo sipro hushika. Badiliko moja huifanya dawa ishike kwa kuteleza. Mabadiliko mawili au matatu huifanya isishike kabisa. Asia Kusini hali hiyo sasa ndiyo ya kawaida. Nepal, jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lililolinganisha dawa ya jamii ya sipro na seftriaksoni lilisimamishwa kabla ya muda, kwa kuwa wengi mno waliopewa ile ya jamii ya sipro hawakupona. Nairobi pia, vimelea vinavyoisikia sipro kwa shida vimekuwa vikiongezeka.

Hapa niwaombe wenzangu wa maabara wanisikilize. Tunapoweka kidonge cha karatasi chenye sipro kwenye sahani, duara tupu linalozunguka kidonge hupimwa kwa milimita. Kwa Salmonella Typhi, duara lazima lifike milimita 31 ndipo uandike S. Duara la milimita 25 linapendeza machoni, ni kubwa, mtu anashawishika kuandika kwamba dawa inafanya kazi. Linamaanisha usikivu umepungua, na mgonjwa huyo akipewa sipro anaweza kubaki na homa wiki nzima. Nimeona karatasi zenye kosa hilo. Pale panapopatikana kidonge cha karatasi cha pefloksasini, dawa ya jamii ya sipro, cha kuchunguza usugu huu, kitumike.

*Matumizi.* Vidonge mara mbili kwa siku, kwa kawaida siku saba hadi kumi. Kimelea kikisikia, homa hushuka kwa takriban siku nne, ugonjwa hurudi kwa wachache sana, na wanaobaki wakibeba vimelea kwenye mfuko wa nyongo huwa wachache pia. Huingia vizuri ndani ya chembe. Isimezwe pamoja na maziwa, vidonge vya kuongeza damu au dawa za kutuliza asidi ya tumbo, kwani hivyo huishika ikiwa bado tumboni isifike kwenye damu. Kuna watu wamehesabiwa kuwa na usugu kumbe kila asubuhi wanaisindikiza kwa chai ya maziwa.

*Uangalifu.* Wajawazito kwa kawaida hutafutiwa dawa nyingine. Kwa watoto hutumika daktari akiona faida yake ni kubwa. Mwenye maumivu mapya ya kano, hasa kisigino, aseme mara moja.

*Inamfaa nani.* Mwenye majibu ya S yaliyopimwa sawasawa, au anayeishi mahali ambapo hospitali ya mkoa ina takwimu za karibuni zinazoonyesha vimelea vingi bado vinaisikia. Bei yake ni nafuu, inapatikana kila duka la dawa, na hicho ndicho kilichoiumiza: imetolewa kwa UTI, kwa kuhara, kwa kikohozi, kwa kila Widal, mpaka vimelea vikaizoea.

3. Azithromaisini

*Usugu.* Kwa sasa, katika sehemu kubwa ya dunia, vimelea vya taifodi bado vinaisikia. Ndiyo dawa ya kumeza iliyobaki hata kwa aina ya Pakistan nitakayoieleza hapa chini. Lakini Bangladesh, mwaka 2019, watafiti walionyesha vimelea vilivyobadilisha sehemu moja tu ya pampu iitwayo AcrB, pampu ambayo bakteria hutumia kutapika dawa nje, na badiliko hilo moja likatosha kuishinda azithromaisini. Kimelea hakihitaji kupokea chochote kutoka kwa mwenzake. Inatia hofu, kwa sababu wakati wa UVIKO dawa hii ilimezwa kama karanga.

*Matumizi.* Mara moja kwa siku, kwa kawaida siku saba. Vidonge vya siku tatu vinavyouzwa kwa ajili ya kifua havitoshi taifodi. Hili ndilo kosa ninalolisikia mara nyingi zaidi juu ya azithromaisini, na huenda ndilo lililompata mtoto wa yule dada, maana cheti chake kilisema siku tatu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba hujikusanya ndani ya chembe nyeupe kwa wingi kuliko ilivyo kwenye damu, yaani humfuata adui ndani ya nyumba. Homa hushuka kwa siku nne hadi sita, na ugonjwa kurudi ni nadra.

*Uangalifu.* Mwenye tatizo la mapigo ya moyo, au anayemeza dawa nyingine zinazogusa mapigo ya moyo, amweleze daktari. Tumbo linaweza kuvurugika. Kwa watoto na wajawazito ina historia nzuri kuliko sipro.

*Inamfaa nani.* Mgonjwa anayetembea, anayekula, asiyetapika, mwenye taifodi isiyo kali, mahali ambapo sipro imeanza kuchoka. Haimfai aliyezidiwa, kwa sababu kiasi chake kwenye damu yenyewe ni kidogo, na aliyezidiwa ana vimelea ndani ya chembe na nje pia. Bei ya dozi kamili ni kubwa kuliko ya sipro, na hapo ndipo watu hununua nusu.

4. Seftriaksoni ya sindano

*Usugu.* Kwa Afrika Mashariki, Salmonella Typhi sugu kwa seftriaksoni bado ni nadra. Pakistan si hivyo. Kuanzia Novemba 2016, mjini Hyderabad katika jimbo la Sindh, uliibuka ukoo wa H58 uliokuwa tayari sugu kwa dawa za zamani na kwa sipro, ukapokea plasmidi nyingine, inayofanana na ile ya bakteria E. coli wa tumboni, yenye kimeng'enya CTX-M-15 kinachoikata seftriaksoni vipande. Aina hiyo wanaiita taifodi yenye usugu uliopindukia. Zimebaki azithromaisini na sindano za gharama kubwa kama meropenemu. Karachi ilifuata, kisha wasafiri wakaifikisha Ulaya na Marekani. Novemba 2019 Pakistan ikawa nchi ya kwanza kuingiza chanjo mpya ya taifodi kwenye chanjo za kawaida za watoto. Nchi nyingine zikafuata: Malawi ilianza Mei 2023, na Kenya ikaanza Julai 2025 kwa watoto kuanzia miezi 9. Katika jaribio la Malawi chanjo hiyo ilizuia takriban wagonjwa 8 kati ya 10. Kwa mzazi mwenye nafasi ya kumchanja mtoto, swali la dawa gani linaweza lisifike kabisa.

*Matumizi.* Sindano ya mshipa au ya msuli mara moja kwa siku, siku kumi hadi kumi na nne, kwa hiyo kulazwa au kwenda kituoni kila siku. Hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa mapema, kwa sababu seftriaksoni huingia kwa shida ndani ya chembe, na homa huchukua siku sita, saba, hata nane kushuka. Siku ya nne mama anamwona mtoto bado anachemka anasema dawa imeshindwa. Haijashindwa. Kama mtoto anaanza kula, anajibu akiitwa, na kilele cha homa kinashuka kidogo kila siku, dawa inafanya kazi yake polepole.

*Uangalifu.* Mwenye mzio mkali wa penisilini aseme mapema. Isichanganywe kwenye mshipa na dripu zenye kalsiamu kama Ringer, hasa kwa watoto wachanga. Ikikatishwa siku ya tatu au ya tano kwa kuwa mgonjwa amejisikia nafuu, ugonjwa hurudi kwa urahisi.

*Inamfaa nani.* Aliyezidiwa, anayetapika kila kitu, mwenye kuweweseka, mjamzito mwenye taifodi kali, au asiyejulikana kimelea chake kinasikia nini na hali yake haingoji majibu. Vidonge vya sefiksimu ni vya jamii hii, na watu huvitumia ili kukwepa sindano. Nepal viliposhindanishwa na dawa ya jamii ya sipro, vilishindwa mara nyingi zaidi. Nisingevihesabu kuwa sawa na sindano.

Zinazotolewa lakini hazimo kwenye kinyang'anyiro

Sindano ya jenta, sefaleksini na ampiklosi hupewa watu wengi wenye "taifodi sugu". Jenta inaweza kukiua kimelea vizuri sana kwenye sahani ya maabara na isimsaidie mgonjwa hata kidogo, kwa sababu haiingii ndani ya chembe kilimojificha. Ndiyo maana miongozo ya maabara inakataza kuandika S kwa jenta kwenye majibu ya Salmonella. Ukiona karatasi imeiandika, uliza.

Basi, kwa hali yako

*Homa siku mbili au tatu, hujapima kitu.* Pima malaria kwanza kwa kipimo cha haraka. Usinunue chochote kati ya hivi vinne.

*Daktari anahisi taifodi, una nguvu, na hospitali ya rufaa inaotesha damu.* Damu itolewe kabla ya kidonge cha kwanza. Unaweza kuanza azithromaisini, au sipro kama takwimu za hospitali hiyo zinairuhusu, huku ukisubiri. Majibu yakija na S kwenye dawa ya zamani ya bei nafuu, muulize daktari kama unaweza kuhamia huko.

*Uko mbali, hakuna anayeotesha damu.* Mganga ataamua kwa dalili. Muulize swali moja: wagonjwa wa taifodi wa hapa hivi karibuni wameponea dawa gani, na wangapi wamerudi? Kituo kinachoweka kumbukumbu kitakujibu. Azithromaisini ya siku kamili mara nyingi ndiyo salama zaidi kwa asiyezidiwa.

*Tumbo limevimba au linauma ghafla na kukaza, kinyesi cheusi au cha damu, kuchanganyikiwa.* Usilinganishe dawa. Nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

*Umetoka Pakistan ndani ya mwezi mmoja au miwili, au umemuuguza aliyetoka huko.* Liseme kabla hujaulizwa. Wafanyabiashara wetu wa mchele na vitambaa huenda Karachi, na mganga asiyejua safari yako ataanza na seftriaksoni ambayo huenda haitagusa kitu.

*Siku ya tatu ya dawa na homa bado ipo.* Kama hali kwa jumla haizidi kuwa mbaya, endelea. Kubadilisha dawa kabla ya siku ya tano hukuachia dozi mbili nusu na hujui hata moja imefanya nini. Homa ikizidi siku saba, rudi, na damu ioteshwe hata kama umechelewa.

*Umeshameza mbili au tatu kama yule dada.* Nilimwomba akae kwenye benchi, tukaandika nyuma ya cheti cha tatu kila dawa, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, na jinsi mtoto alivyokuwa akinywa. Sipro siku mbili, pamoja na maziwa. Azithromaisini siku tatu. Halafu nikachukua damu ya mtoto, na daktari aliyesoma ile orodha akaamua seftriaksoni ianze na isikatishwe. Damu tuliikalia siku tano. Haikuota kitu, kama nilivyohofia. Homa ilishuka siku ya sita. Siku ya kumi walikuja pamoja kuchukua majibu, mtoto amevaa sare za shule, na dada akaniomba nimwandikie upya ile orodha kwa mwandiko unaosomeka, aibandike kwenye kadi ya kliniki ya mtoto.